Walifika Wote Wawili

"Mwambie mama yako hivi," alisema fundi makochi bila kuinua macho. "Kama macho yameanza kumfifia, atafute miwani. Kava hizi zinapwaya. Mwambie aone aibu kidogo."

Binti yake alisimama mlangoni mwa karakana, sare ya shule mwilini, begi mgongoni, mfuko wa kava mkononi. Alingoja. Alishajua kwamba matusi hutangulia na kazi hufuata.

"Na vipimo, Baba?"

"Mito ya kukalia, sitini kwa hamsini na tano. Akate pungufu kidogo, asikate sawasawa na sponji, ndipo kava inakaza. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo, leo amesahau?"

"Posta imepakia!" alipaza sauti fundi vanishi kutoka kwenye kona yake. "Barua za haraka zinaondoka! Stempu umelamba, mama?"

Karakana nzima ilicheka. Baba mtu naye alicheka, na kicheko chake hicho mimi mpaka leo sijakisamehe. Jina la Posta lilianzia mle karakana, likatoka nje, likazunguka mtaa mzima, na sasa hata watoto wadogo walimwita hivyo akipita. Mama yake alilichukia. Yeye mwenyewe alikuwa ameshalizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana kwa sababu hana kingine.

Talaka ilishatoka. Kabati, meza na cherehani vilibaki kwa mama. Redio, baiskeli na vyombo vya kazi vilikwenda kwa baba, aliyehamia chumba cha nyuma ya karakana. Simu walifungiana wiki hiyohiyo, baada ya matusi makubwa. Lakini kazi haikujua habari ya talaka. Wateja walizoea kochi linaloundwa na mume na kuvikwa na mke, na kati ya hao wawili waliotalikiana hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumweka fundi mwingine. Basi vipimo vikawa vinapita kwa mdomo wa mtoto, na matusi yakadandia humohumo bila nauli.

Kutoka karakana mpaka nyumbani haikuwa mbali, lakini njia ilimtosha Posta kufanya kazi yake. Alitembea midomo ikimcheza. Fundi viatu wa pale kona alidhani anakariri masomo, akawa anamsifu kwa watu. Kumbe alikuwa akichambua maneno kama mtu anayechambua mchele. Vipimo alivibeba vilevile alivyopewa, hakuvigusa, maana alijua kitambaa kikikatwa vibaya ni hasara ya wote. Maneno mengine ndiyo aliyoyatia mkono.

Alikuwa ameanza kwa jambo dogo. Siku moja baba yake alijikata kidole kwa kisu cha sponji. Mama alipoambiwa alisema, "Shauri yake." Posta alirudi na kumwambia baba, "Mama anasema pole." Baba alikitazama kidole kilichofungwa kitambaa, na mchana ule wote hakumtukana mtu. Tangu hapo mtoto hakuweza kuacha.

*

"Baba anasema kava zinapwaya kidogo," alisema alipofika nyumbani. "Anakuomba uzibane. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha kukata pungufu."

Mguu wa mama ulisita kwenye pedali ya cherehani.

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Amesema anaomba? Huyo?"

"Ndiyo."

Mama alichukua kava moja, akaigeuza, akautazama mshono. Kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea, akaonekana kama alivyokuwa zamani. Halafu akaukunja tena.

"Mwambie asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Na mwambie nimepata habari za dada yake. Kikao ni Jumapili. Shangazi yenu aje na lolote lake, mimi sina nguvu ya kugombana tena. Anayemtaka amchukue."

"Anayemtaka nani?"

Mama alikata uzi kwa meno.

"Baba yenu anahama. Shangazi yenu amempa chumba cha mbele cha nyumba yake afungue karakana huko kwao. Anasema haendi mikono mitupu, naye ana haki ya mtoto. Basi wewe utabaki na mimi, unanisaidia kazi. Mdogo wako atakwenda na baba yake. Mmoja kwake, mmoja kwangu. Hakuna wa kulalamika."

"Sisi si kabati na redio, Mama."

"Chunga mdomo wako!"

Mama alisema hivyo kwa ukali, lakini hakumtazama mtoto machoni. Chini ya meza ya kukatia, kati ya vipande vya vitambaa, mdogo mtu alikuwa ameketi akiokota vifungo na kuvipanga kwa rangi. Walimwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa akitambaa alimeza kimoja na nyumba nzima ikakosa usingizi mpaka kilipotoka. Sasa alikuwa darasa la kwanza. Mama aliamini hasikii. Watu wazima wana imani hiyo ya ajabu, kwamba mtoto akiinama hana masikio. Kifungo alikuwa ameacha vifungo, ameingiza ukosi wa sare mdomoni, anautafuna.

Ukosi ule ulikuwa umeshakuwa nyuzi tupu. Tangu baba aondoke, Kifungo alitafuna ukosi mchana na kukojoa kitandani usiku, yeye aliyekuwa ameshaacha mambo hayo. Kila asubuhi Posta alilitoa godoro uani kabla majirani hawajaamka, akaliegemeza ukutani na kulifunika kitambaa cha kazi. Lakini watoto wa uani walishajua, wakamtungia mdogo wake wimbo wa kunusanusa. Posta mwenyewe tumbo lilimuuma kila saa ya kwenda karakana ilipofika. Shuleni, rafiki yake wa dawati moja alikuwa amehama dawati. "Si mimi," alimnong'oneza, "ni mama. Anasema kwenu kuna matusi, nitayabeba." Posta alijibu haidhuru, akajitandaza kwenye dawati lote kama mtu aliyepata bahati. Mwalimu alipogawa karatasi za kikao cha wazazi alimuuliza mbele ya darasa zima ni nani atakayesaini kwao siku hizi. Alijibu, "Wote wawili," na darasa likaguna.

Hayo yote aliyabeba. Kumpoteza Kifungo ndiko asikokuweza. Alimvuta kutoka chini ya meza, akampangusa pua kwa kiganja.

"Shangazi ana mbwa?" aliuliza Kifungo.

"Sijui."

"Na wewe utakuja lini?"

*

Kosa la Posta lilikuwa moja, na mtu mwingine yeyote asingeweza kulifanya: alianza kuamini barua zake mwenyewe.

Aliwaona wamelainika. Baba alikuwa ameuliza mara moja, akijifanya anatafuta pini, kama mama bado anaumwa mgongo. Mama alikuwa ameacha kuzitupa kava sakafuni. Posta alisahau kwamba maneno yaliyowalainisha ni ya kwake. Aliona wazi kwamba hawa watu wawili wamekaribia kupatana, wanachokosa ni kukutana tu. Wakikutana ana kwa ana, na Kifungo katikati yao na begi lake kubwa kuliko mgongo, nani atakuwa na moyo wa kusema mmoja huku na mmoja kule? Na Jumapili haikuwa mbali.

Wadogo hutoka shule mchana. Kila siku ni yeye aliyevuka kutoka shule ya wakubwa, ng'ambo ya barabara, akamchukua mdogo wake, akamfikisha nyumbani na kurudi darasani anahema. Alhamisi alipopeleka kava zilizobanwa alimwambia baba, "Kesho nina mtihani mchana. Mama hawezi kutoka, ana kazi ya watu. Anasema anakuomba, tafadhali, ukamchukue Kifungo."

Baba aliweka chini bastola ya pini aliyokuwa akipigilia gunia kwenye fremu.

"Mama yako amesema tafadhali?"

"Ndiyo."

Fundi vanishi alipiga mluzi. Baba alimtazama binti yake kwa muda mrefu kidogo. Katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mkewe, wala yeye hakuwahi kumpa. Lakini mtu akilitamani neno, halikagui. "Mwambie nitakwenda," alisema.

Nyumbani Posta aliyageuza. Baba ana mteja, hawezi kutoka. Anakuomba, tafadhali.

"Haya," alisema mama, na baadaye kidogo, akiwa amempa mtoto mgongo: "Mwambie haya."

Ijumaa asubuhi baba alinyoa ndevu. Alijiambia ni kwa sababu ya joto. Mama alitoa gauni la kijani ambalo hakulivaa tangu talaka, akajiambia mengine yote yako kwenye ndoo. Nayasema haya ili ijulikane kwamba hawakuwa watu wabaya. Laiti wangekuwa wabaya, kazi ya kuwasimulia ingekuwa nyepesi.

*

Geti la shule ya wadogo linatazama barabara. Mlinzi alilifungua, watoto wakamwagika, wazazi na dada na wajomba wakaanza kuita majina. Kifungo alitoka na wenzake, akasimama ukutani, mahali alipofundishwa kumngojea dada yake.

Alimwona mama kwanza. Alikuwa ng'ambo ya barabara, na gauni la kijani. Kifungo akanyanyua mkono. Kisha akamwona baba, upande huuhuu wa geti, akija polepole pembeni ya ukuta, kidevu kikiwaka. Akanyanyua na mkono wa pili.

Wao walikuwa wameshaonana.

Baba alisimama. Kumbe amekuja mwenyewe, alifikiri. Tena amejipamba. Sasa aliniitia nini? Aliniita ili watu wanione ninavyoitika, nimekimbia, tena nimenyoa. Uso ulimchoma kama amepigwa kofi. Ng'ambo ya barabara mama alikuwa akifikiri yaleyale kwa maneno yake: alisema ana mteja, mteja yuko wapi? Alitaka kuona kama akinipigia mluzi nitakuja. Na nimekuja, mjinga mimi, na gauni.

Jirani mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alitazama huku, akatazama kule, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomaliza kazi. Mama aligeuka. Baba aligeuka. Kila mmoja aliondoka ameinua kichwa, na kila mmoja moyoni hakuwa na wasiwasi hata chembe juu ya mtoto, maana mwenzake si alikuwa pale? Alimwona kwa macho yake.

Kifungo alibaki ukutani, mikono yote miwili juu.

"Wewe, kwenu hawajaja?" mlinzi alimuuliza, mgongo wa baba ukiwa bado unaonekana mbali kidogo.

"Wamekuja."

"Haya basi, nenda, usiwacheleweshe."

*

Posta alitoka darasani alasiri, akakimbia njia nzima. Alikuwa ameshawaona akilini mwake: baba amekaa kwenye kiti cha mteja, mama anamletea maji, hawasemi sana lakini wapo. Aliusukuma mlango. Mama alikuwa peke yake, anashona, na mshono ulikwenda kwa hasira.

"Kifungo yuko wapi?"

"Kwa baba yenu. Si alimfuata mwenyewe, na ndevu amenyoa? Kamwambie huyo bwana kwamba mimi si..."

Posta hakungoja mwisho wa barua. Alikimbia mpaka karakana.

"Kifungo yuko wapi, Baba?"

"Aka! Hilo unaniuliza mimi? Yuko na mama yenu. Nilimwona pale getini na gauni lake la sherehe. Kamwambie..."

"Hayuko! Hayuko nyumbani!"

Brashi ya fundi vanishi ilisimama hewani. Baba alitupa bastola ya pini, akatoka mbio na aproni yake. Pale kona, mbele ya fundi viatu, alikutana uso kwa uso na mama, ambaye alikuwa ameiona sura ya binti yake akitoka na akamfuata kandambili mkononi.

"Mtoto yuko wapi?" mama alipiga kelele.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyoambiana wao wenyewe tangu baba afungashe.

"Unaniuliza mimi? Wewe si ulikuwepo?"

"Wewe si ulikuwepo! Umeniita halafu ukamwacha mtoto barabarani!"

"Nani aliyemwita mwenzake? Aliyeleta salamu za tafadhali ni nani?"

"Mimi? Mimi nikuombe wewe? Bora nife!"

Fundi viatu alishika kiatu cha mtu asijue akiweke wapi. Madirisha yalifunguka. Wanawake waliokuwa kisimani walisimama na ndoo zao, na mtoto mmoja alianza kucheka, akanyamazishwa. Mtu na mtalaka wake walisimama katikati ya njia wakitupiana maneno yote waliyokuwa wameyalimbikiza, mama mkwe akatajwa, kitanda kikatajwa, na mtoto aliyepotea akawa amesahaulika kabisa.

"Ni mimi!" Posta alilia. "Nimesema mimi! Hakuna aliyemwomba mwenzake! Hamjawahi kuombana kitu! Mimi ndiye niliyekuwa nasema!"

Halafu mama akageuka, akaanza kukimbia kuelekea shule, na baba akamfuata.

Mlinzi alikuna kichwa. Mdogo yule wa ukosi uliotafunwa? Alimwona. Alimuuliza kama wamekuja, akasema wamekuja. Alipotazama tena alikuwa ameondoka, upande ule, si upande wa barabara. Mama alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kijani, akashika kichwa. Baba alisimama pembeni yake, mkono wake ukaenda mpaka karibu na bega la mama, haukufika, ukarudi.

Upande ule ulikuwa wa karakana. Walirudi wakiita, wakichungulia mitaro, wakiuliza kila genge. Posta alikuwa mbele, hana tena sauti. Walipokaribia walimwona fundi vanishi amesimama nje, anawapungia kwa mikono yote miwili, na usoni hana utani hata kidogo.

Alikuwa ameinamisha fremu ya kochi moja kubwa la mteja ili apake miguu yake rangi, akaona ni nzito. Springi zilikuwa hazijafungwa, na upande wa nyuma gunia lilikuwa bado linaning'inia. Mle ndani, kwenye tumbo la kochi, Kifungo alikuwa amejikunja na begi lake, amelowa, ukosi mdomoni, macho wazi.

Baba alipiga magoti.

"Umefikaje huku?"

"Nilikufuata."

"Ulinifuata? Kutoka shule?"

"Mama alikuwa ng'ambo. Nimekatazwa kuvuka peke yangu."

"Sasa kwa nini hukuniita, mwanangu?"

"Nilikuita." Kifungo alimtazama kama anayemwonea huruma. "Hukusikia. Ulikuwa unamtukana Mama njia nzima."

Mama alimtoa mtoto, akamkumbatia na ulowevu wake wote, akalia kwa sauti mbele ya mafundi. Baba alibaki magotini, anaishika fremu.

"Yote uliyasema wewe?" alimuuliza Posta hatimaye, kwa sauti ya chini. "Hata ile pole ya kidole?"

"Hata hiyo."

Baba aliitikia kwa kichwa, taratibu. Mama aliinua uso kutoka kwenye nywele za Kifungo.

"Na aliposema mimi ndiye niliyemfundisha kukata pungufu?"

"Hiyo alisema mwenyewe," alisema Posta.

*

Jumapili shangazi alifika nyumbani kwa mama na begi jipya la mtoto, limeshonewa ua mbele. Mjomba, kaka wa mama, alifika na simu yake, akaketi nayo. Makochi ya kukalia wageni yalikuwa ya wateja, mawili yakiwa bado hayana mikono, kwa hiyo kila mtu alikaa kwa tahadhari.

Shangazi alikuwa ameshasikia habari za Ijumaa, tena zimetiwa chumvi njiani. Hakupoteza muda.

"Mimi nasema wazi. Balaa lote hili limeletwa na mtoto mwongo. Msichana mkubwa mzima anakwenda huku na kule na maneno ya kutunga, mpaka mwenzake nusura afe! Aombe radhi kwanza. Halafu huyu mdogo nimchukue leo hii, kabla hajajifunza tabia hizo."

"Jambo lenyewe si lilishaamuliwa?" alisema mjomba, kidole kikiendelea juu ya kioo. "Mmoja mmoja. Tusirudi nyuma."

Posta alisimama katikati ya chumba. Aliomba radhi. Aliomba kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mama, kwa baba. Kifungo alikuwa amejishikiza kwenye sketi yake kwa mikono miwili. Shangazi alimvuta kwa upole, akamwonyesha ua la begi. Kifungo hakulitazama. Shangazi akavuta tena, safari hii si kwa upole, na mshono wa sketi ukalia.

Baba alikohoa. Alikuwa amekaa mkabala na mama, magoti yao yakikaribia kugusana, chumba kilikuwa kidogo. Alitazama sakafu.

"Mwambie mama yako..." alianza.

Ni mazoea tu. Hakukusudia. Lakini chumba kizima kilisikia, na mama alifumba macho.

"Mama yupo hapo, Baba," alisema Posta. "Mwambie mwenyewe."

"Mnaona?" shangazi aliruka. "Mnaona adabu yake?"

"Mwache," alisema baba.

"Nimwache? Mtoto anakujibu mbele ya watu..."

"Dada, nimesema mwache."

Mjomba aliiweka simu chini. Baba alijipangusa viganja kwenye suruali, akainua uso, na ilionekana wazi jinsi ilivyomwia vigumu, mtu aliyekuwa hodari wa kutuma maneno, kumtazama mwanamke huyu na kuyasema.

"Sitamchukua," alisema. "Sihami. Nilitaka niwe na mtoto wangu, nisiwe kama mtu aliyefukuzwa na baiskeli yake. Lakini alitembea nyuma yangu, mama Posta. Njia nzima. Sikugeuka."

Kwa bahati mbaya au nzuri alimwita hivyo, kwa jina la karakana, na hakuna aliyecheka.

"Mimi sikurudi hata kuchungulia," alisema mama. "Niliona aibu ya gauni."

"Wakae pamoja. Kwako. Mimi nitakuwa namfuata mdogo shule mchana, huyu mkubwa asome. Na vipimo nitaleta mwenyewe."

"Matusi je?"

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi. Yaache karakana." Mama alipangusa pua. "Wala usidhani nimekurudia. Sikutaki."

"Wala mimi."

"Na siku tukikutana getini, tusigeuke."

"Tusigeuke."

Hayo ndiyo yote waliyokubaliana. Shangazi alisema amevunjiwa heshima, akaondoka na begi lake na ua lake. Mjomba alimpigia mtu simu kumweleza. Posta aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama, akalaza kichwa kwenye kochi la mteja lisilo na mkono, na alipoulizwa kama anataka chai alikuwa ameshalala, mchana kweupe, mdomo wazi, kama mtoto.

*

Jumatatu baba aliwahi mno. Alifika geti likiwa bado limefungwa, akasimama na wanawake na wasichana wa kazi, mwanamume peke yake, aproni mwilini, pini mbili zimesahaulika kwenye mfuko wa kifua. Jirani yule wa tabasamu naye alikuwepo. Baba alimsalimia.

Kengele ililia, watoto wakamwagika. Kifungo alitoka, akaenda ukutani mahali pake, akamwona. Baba alinyanyua mkono, akatabasamu, akaita jina. Kifungo hakunyanyua mkono. Wenzake walikuwa wakiwakimbilia watu wao, yeye aliubana mgongo wake ukutani akamtazama baba yake kwa makini, akangoja.

Baba akaelewa kwamba itabidi aende yeye. Alipenya katikati ya watu, samahani, samahani mama, akikanyaga na kukanyagwa, na muda wote huo macho ya mtoto hayakutoka miguuni mwake, yaone itaelekea wapi. Alifika. Alichuchumaa mbele yake.

"Twende nyumbani, mwanangu."

Kifungo alichungulia nyuma ya bega lake, ng'ambo ya barabara.

"Mama hayupo?"

"Leo ni mimi."

"Ukimwona?"

"Nikimwona nitamsalimia."

Kifungo alifikiri. Baba alinyoosha mkono, kiganja juu, akauacha hapo. Watu walikuwa wamepungua, na mlinzi ameshika komeo la geti anawatazama. Kifungo alivua begi lake taratibu, kamba moja, kisha ya pili.

Akampa begi. Mkono hakumpa.